Mafuta ya Chipsi Yaliyokubali Dar na Kugoma Njombe: Uchambuzi wa Kisa

Mtu akitaka kuchoma mafuta ya kupikia kwenye injini ya dizeli, mafundi wengi watamwambia atafute Land Cruiser 78 yenye injini ya 1HZ, na hawakosei. Ni injini ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na haina kompyuta inayoamua nozeli, ile ncha inayopuliza mafuta, ipige saa ngapi. Mafuta hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, moto ukawakia humo ndipo ukashuka kwenye pistoni. Chumba hicho husamehe mafuta mazito kuliko injini inayopuliza moja kwa moja juu ya pistoni, na kwa mbali sana kuliko injini za kisasa za komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa), ambazo mafuta ya chipsi hayafai hata kuyakaribia. Isitoshe, gari lenyewe huja na matangi mawili ya kiwandani, kila moja karibu lita 90. Fundi akiliona anahisi nusu ya kazi imeshafanywa.

Hisia hiyo ndiyo iliyozaa kisa hiki. Ni cha aina inayojirudia, hivyo jina la mwenye gari na la gereji halina kazi hapa, na namba nyingi zilizomo ni za kufanyia hesabu.

Gari lilikuwa Dar es Salaam. Tangi la mbele liliwekwa dizeli, la nyuma mafuta yaliyokaangia, yaliyokusanywa kwenye vibanda vya chipsi kwa madumu ya lita 20. Mafuta yalipashwa na maji ya redieta kupitia kipashio cha sahani za chuma kilichofungwa karibu na injini. Dereva aliwasha kwa dizeli, akasubiri injini ishike joto, akabonyeza swichi ya matangi na kuhamia mafuta. Kabla ya kuzima alirudi kwenye dizeli. Gari lilitembea hivyo miezi minane, likitoka asubuhi na kurudi jioni, bila lalamiko lolote zaidi ya filta kuziba mara mbili.

Mwishoni mwa Mei likahamishiwa Njombe. Wiki ya pili lilianza kuwaka kwa shida, likitoa moshi mweupe wenye harufu kali ya maandazi yaliyoungua. Wiki ya tatu lilikuwa linapoteza nguvu kwenye kilima chochote. Wiki ya nne stata ilizunguka mpaka betri ikalala. Na jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani mwanzoni: oili ya injini ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho ya kijiti, ingawa hakuna aliyeongeza.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa ni yale yanayotolewa siku zote: "mafuta yameganda kwa baridi." Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mafuta mengi yanayokaangia chipsi nchini, yale watu wanayoyaita korie hata kama chapa ni nyingine, ni mafuta ya mawese yaliyochujwa sehemu yake laini. Hata yakiwa mapya huanza kuwa na ukungu yakikaribia nyuzi 10. Yakishakaangiwa kuku, na Nyanda za Juu Kusini yakishachanganyika na mafuta ya kitimoto, huganda mapema zaidi, hata kwenye nyuzi 20. Kwa hiyo ndiyo, yalikuwa yameganda. Tangi la nyuma lilipofunguliwa palikuwa na kitu kama samli chini, na kichujio cha mwanzo kilijaa ute mweupe.

Lakini maelezo hayo yanaacha swali kubwa. Gari linawashwa kwa dizeli, nalo liligoma *kuwaka*. Mafuta ya tangi la nyuma yakiganda, gari linapaswa kuwaka vizuri kisha lizimike au likose nguvu baada ya kuhamia mafuta. Lililogoma hapa ni kile kipindi ambacho mafuta ya chipsi hayakutakiwa kuwepo kabisa.

Jibu lilikuwa chini ya tangi la mbele. Fundi alifungua nati ya kumwagia na kukinga lita moja kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, akaweka pembeni yake lita moja ya dizeli iliyonunuliwa asubuhi hiyo kituoni. Rangi zilitofautiana kidogo tu, kiasi cha kubishaniwa. Mizani ya jikoni haikubishana. Lita ya dizeli ina uzito wa karibu gramu 840, lita ya mafuta ya kupikia karibu gramu 920. Iliyotoka kwenye tangi ilikuwa na uzito wa gramu 866 baada ya kutoa uzito wa chupa. Hesabu yake ni rahisi: imezidi dizeli kwa gramu 26 kati ya 80 zinazotenganisha vitu hivyo viwili, yaani theluthi moja ya "dizeli" ilikuwa mafuta ya chipsi. Chupa ileile ikaachwa nje dirishani usiku kucha. Asubuhi ilikuwa na tabaka jeupe la vidole viwili chini.

Yalifikaje huko? Hapa ndipo ile nusu ya kazi iliyofanywa kiwandani inapogeuka mtego. Pampu ya dizeli ya 1HZ ni ya aina ya kuzunguka, na huvuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma. Yanayobaki huipoza na kuilainisha pampu, kisha hurudi tangini kwa bomba la pili. Valvu ya kubadilishia matangi hugeuza njia zote mbili kwa wakati mmoja, ya kwenda na ya kurudi. Matangi yote yakiwa na dizeli hakuna neno. Yakiwa na vitu viwili tofauti, fikiria kinachotokea sekunde ile swichi inapobonyezwa kurudi kwenye dizeli: bomba la kwenda bado limejaa mafuta ya chipsi, kipashio kimejaa, filta imejaa, pampu imejaa, bomba la kurudi limejaa. Dizeli inayokuja nyuma inayasukuma yote hayo, na kwa kuwa njia ya kurudi nayo imeshageuzwa, yanaishia kwenye tangi la dizeli.

Ni kiasi gani? Mita tatu za bomba lenye uwazi wa milimita 8 hubeba karibu mililita 150, na ziko mbili. Filta hubeba kama nusu lita. Ongeza kipashio na tumbo la pampu, utafika lita moja au zaidi kidogo. Ukihamia mafuta, kinyume chake hutokea: lita moja ya dizeli husukumwa kwenye tangi la mafuta. Kila mzunguko wa kuhama na kurudi ni kubadilishana lita moja kwa lita moja, na geji ya tangi haionyeshi chochote kwa sababu ujazo hauyumbi.

Dar gari lilifanya mzunguko mmoja kwa siku, na tangi la dizeli lilijazwa mpaka shingoni kila wiki. Hapo mafuta ya chipsi yanazimuliwa na dizeli nyingi zaidi, na kwa joto la pwani hakuna atakayeyagundua. Njombe lilikuwa likienda sokoni, kiwandani, shuleni na kurudi, mizunguko mitatu kwa siku, huku tangi la dizeli likiwekwa lita 40 tu kwa kuwa "tunatumia mafuta zaidi". Mizunguko 21 ya wiki moja inatosha kufikisha theluthi. Hakuna aliyekosea utaratibu hata siku moja. Utaratibu wenyewe ndio uliokuwa ukichafua tangi.

Theluthi moja inaonekana kidogo, lakini uzito wa mtiririko, yaani kitu kinavyotiririka kwa shida, hauendi kwa mstari ulionyooka. Kwenye nyuzi 40 dizeli iko kati ya milimita mraba 2 na 4.5 kwa sekunde, mafuta ya kupikia kati ya 35 na 40. Mchanganyiko wa theluthi moja huwa mzito zaidi ya mara mbili ya dizeli, na huo ni upimaji wa nyuzi 40. Alfajiri ya nyuzi 8, ukiwa na chembe za mgando ndani yake, nozeli hairushi ukungu tena. Inarusha matone. Matone hayawaki kwenye silinda ya baridi. Hugonga ukuta, hupita kwenye ringi, hushuka kwenye oili. Ndiyo moshi mweupe, na ndiyo oili iliyopanda kwenye kijiti.

Kupanda huko ndiko kungeua injini, na kunastahili kuelezwa polepole. Dizeli ikiingia kwenye oili, injini ikishika joto sehemu yake hupaa na kutoka kwa njia ya hewa ya krankikesi. Mafuta ya kupikia hayapai, kwani hata moto wa kawaida hauyashiki mpaka yazidi nyuzi 220. Yakishaingia yamekaa. Humo ndani yanapata joto, hewa na chembe za chuma, vitu vitatu vinavyoyafanya yashikane kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani. Kwa muda mrefu oili huonekana ya kawaida, hata nyepesi kidogo, halafu ndani ya siku chache hugeuka uji mzito. Pampu ya oili haiwezi kuuvuta, na kinachofuata ni beringi za krankishafti. Mafuta ya alizeti ni mabaya zaidi kwa hili kuliko ya mawese. Hapo ndipo wengi wa Singida na Dodoma hudanganyika: alizeti haigandi kwa baridi ya Njombe, hivyo huonekana ndiyo suluhisho, kumbe hushikana haraka zaidi ikifika kwenye oili. Mawese yanakuudhi asubuhi, alizeti inakusubiri kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Oili ya gari hili ilikuwa bado haijafika huko. Tone lake kwenye karatasi nyeupe liliacha kiini cheusi na duara pana la mafuta la rangi ya njano kuzunguka, dalili ya kuchanganyika, lakini bado lilitiririka. Ikamwagwa yote siku hiyohiyo ikiwa ya moto, pamoja na filta yake.

Nozeli zilitolewa zikapelekwa kwa fundi wa pampu. Nne kati ya sita zilikuwa "zinakojoa", yaani zinadondosha kabla ya kufikia shinikizo la kufunguka, na ncha zake zilikuwa na mkaa mgumu unaong'aa. Zilisafishwa, mbili zikabadilishwa ncha. Kosa la kawaida hapa ni kuzirudisha nozeli safi kwenye injini yenye ringi zilizokwama. Baada ya wiki mbili zinarudi kulekule. Kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, kilionyesha silinda ya tano na ya sita ziko chini ya wenzake. Kabla ya kufikiria kufungua injini, hufanyika jambo la bei nafuu: nozeli zikiwa nje, kila silinda humiminiwa mililita 50 hivi za mchanganyiko sawa kwa sawa wa dizeli na oili ya gia otomatiki, huachwa usiku kucha, kisha injini huzungushwa kwa spana kwenye puli ya krankishafti mizunguko miwili kamili. Halafu hupigwa stata *nozeli zikiwa bado nje*, matambara yakiwa juu ya matundu. Anayesahau hatua hii na kufunga nozeli huku kimiminika kiko ndani hupinda konrodi, maana kimiminika hakibanwi. Nozeli hurudishwa na washa mpya, oili humwagwa tena, na gari hupandishwa mlima likiwa na mzigo kwa dizeli safi kwa saa nzima. Silinda ya sita ilirudi sawa na wenzake. Ya tano ilipanda, ikabaki chini kidogo.

Sasa mabomba. Wengi waliokutana na tatizo hili hukimbilia dawa ya kwanza wanayoisikia: kuziba njia ya kurudi, mafuta yanayotoka kwenye pampu yarudishwe palepale mbele ya pampu badala ya kwenda tangini. Inazuia uchafuzi kweli, na mafuta hushika joto haraka. Lakini fanya hesabu ya kusafisha. Njia ya kurudi ikizibwa, kilichomo kwenye filta na pampu hutoka kwa kuchomwa tu. Tuseme kwa uchache kimebaki mililita 400, na gari linatembea barabarani likila lita 8 kwa saa: dakika tatu zinatosha. Gari likiwa limesimama getini linanguruma, likila kama lita moja kwa saa, utahitaji dakika 24. Hakuna dereva atakayekaa getini dakika 24. Atakaa mbili, atazima, na asubuhi pampu itaamka na mafuta ya chipsi tumboni.

Kilichofungwa kwenye gari hili ni valvu mbili za njia tatu, kila moja na swichi yake. Ya kwanza inachagua mafuta yanayokwenda kwenye pampu, ya pili inachagua yanaporudi. Kuhama kwenda mafuta ya chipsi, zinageuka pamoja. Kurudi kwenye dizeli, ya kwanza inageuka peke yake, ya pili inabaki imeelekea tangi la nyuma kwa sekunde 60, dizeli inasukuma kila kilichomo kirudi kilikotoka, ndipo nayo inageuzwa. Unapoteza lita moja ya dizeli ndani ya tangi la mafuta, na hiyo si hasara, kwani dizeli kidogo hupunguza mgando. Rilei ya kuchelewesha inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe, na ni bora iwe hivyo, kwa sababu dereva mwenye haraka hahesabu mpaka sitini.

Valvu zilihamishwa kutoka kwenye chesisi hadi pembeni ya pampu, ili kinachobaki kati ya valvu na pampu kiwe kidogo iwezekanavyo. Mafuta ya chipsi yakapewa filta yake mwenyewe *kabla* ya valvu, hivyo filta ya dizeli haiyaonji tena. Hosi mbili za maji ya moto ziliambatanishwa na bomba la mafuta tangu tangini, vyote vikavikwa sponji na kufungwa tepu, na ndani ya tangi ukawekwa mzingo wa bomba la chuma kisichoshika kutu unaopitisha maji hayohayo mahali mafuta yanapovutwa. Fundi wa friji alikuwa ameshauri bomba la shaba kwa kuwa linapindika kirahisi. Alikataliwa: shaba huharakisha mafuta kushikana. Mabati nayo hayafai, zinki ikikutana na asidi ya mafuta yaliyochoka hutengeneza sabuni.

Baada ya kipashio ikafungwa geji ya joto, na sheria ikawa moja: chini ya nyuzi 70 hakuna kuhama. Joto la maji ya injini kwenye dashibodi halitoshi kuamulia, maana maji hufika nyuzi 80 dakika nyingi kabla ya mafuta kufika 70.

Kuhusu mafuta yenyewe, utaratibu wa Dar wa kuchuja na kumimina haukutosha. Sasa hukaa kwenye pipa la lita 200 nje, kwenye baridi, wiki mbili bila kuguswa. Baridi ya Njombe inafanya kazi bure: kinachoganda huzama, na mafuta maangavu hutolewa juu kwa pampu ya mkono, bomba lisishuke chini ya nusu ya pipa. Mgando wa chini unawafaa watengeneza sabuni. Maangavu hupashwa hadi nyuzi 60, huachwa siku nzima maji yatue, hupitishwa kwenye soksi (mfuko wa kuchujia) ya mikroni 5 kisha ya mikroni 1. Kuyachemsha ili kutoa maji ni kuyazeesha bure.

Vipimo viwili vinatosha kuamua dumu lipokelewe au lirudi. Cha maji: sufuria kavu ipashwe mpaka tone la maji liruke likidondoshwa, kisha mimina kijiko cha mafuta. Yakitulia ni makavu, yakipasuka na kutoa vipovu yana maji, na maji ndiyo adui mkubwa wa pampu inayolainishwa na mafuta yake yenyewe. Cha asidi: gramu moja ya kostiki soda kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Kwenye mililita 10 za alkoholi ya isopropili weka mililita moja ya mafuta na chembe ya manjano ya jikoni, kisha dondosha maji ya kostiki kwa bomba la sindano huku ukikoroga, mpaka rangi ya njano igeuke nyekundu ya matofali na kubaki hivyo nusu dakika. Yakihitaji zaidi ya mililita 3, mafuta yamekaangiwa mno. Vibanda vinavyobadilisha mafuta kila siku mbili hupita kirahisi. Vinavyoongezea tu juu ya ya zamani havipiti kamwe.

Oili ya injini, iliyokuwa ikibadilishwa kila kilomita 5,000, sasa ni kila 2,500, na kijiti huchomolewa kila asubuhi. Ikipanda hata milimita chache, gari linarudi kwenye dizeli mpaka sababu ijulikane.

Likabaki suala la safari, na hapo hakuna valvu inayosaidia. Sokoni na kurudi ni kilomita sita. Mafuta hayafiki nyuzi 70 kabla gari halijazimwa, na hata yangefika, dizeli ya kusafishia ingezidi mafuta yaliyochomwa. Ndani ya mji gari linatumia dizeli tupu. Mafuta ya chipsi huwekwa kwa safari ya Dar, karibu kilomita 700, ambapo tangi la nyuma humalizika karibu lote. Likirudi, valvu ya kwanza hugeuzwa kilomita kumi kabla ya kuingia Njombe, ya pili dakika moja baadaye, na injini inapozimwa getini, kilichomo kwenye pampu ni dizeli tupu, iliyokuwa ikipita humo kwa kilomita tisa za mwisho.